Kwenda Sake na Kurudi

Nilishuka kwenye gari pale Sake na nikatembea kwa miguu mpaka Goma, kwa sababu mtu niliyekuwa nakwenda kumlilia asingenisamehe kufika kwake nimekaa. Waendesha moto wa Sake, yaani pikipiki za abiria, hawakunielewa. Walinifuata mpaka nje ya senta, wakipunguza mwendo ubavuni mwangu kama watu wanaobembeleza mbuzi arudi zizini. "Muzee, panda. Muzee, Goma ni mbali, utatufia hapa barabarani." Nikawaambia Goma haijasogea tangu mara ya mwisho. Mmoja wao, kijana mwenye kofia ya sufu, akaniuliza kama nina wazimu au nina nadhiri. Nikamjibu kwamba nina devuare, ile kazi ambayo mwalimu humpa mwanafunzi akaimalizie nyumbani, na kwamba nimechelewa sana kuirudisha. Akaangalia mvi zangu, akacheka, akageuza moto yake.

Habari nilikuwa nimeipata kwa simu. Bahati, ambaye tulilala chumba kimoja tukiwa vijana, alinipigia nikiwa upande wa Minova, akasema bila salamu: "Kambale, mama yako wa kisigino ametuacha." Hakuhitaji kutaja jina. Mama Nsimire alikuwa kine, yaani mtu wa kunyoosha miili ya watu kwa mikono na mazoezi, bila sindano wala kisu, na mimi nilikuwa mmoja wa miili hiyo kwa muda wa mwaka mmoja. Nilimtoroka. Tangu hapo nimepita Goma mara nyingi, na kila mara nilizunguka ili nisipite mlangoni kwake. Barabara hii ya Sake imebadilisha wenyewe, wenye bunduki hawa na wale, mara nyingi katika miaka hiyo, na asubuhi ile sikuuliza ni zamu ya nani. Nilitembea katikati yake kama mtu aliyezaliwa nayo.

Mambo ya nyumbani Butembo nayaacha Butembo. Itoshe kusema kwamba niliacha shule darasa la tano kwa sababu dirisha letu lilitazama barabara, malori ya vitunguu yalikuwa yakipita, na hakuna mwalimu aliyeweza kuniambia vitunguu vile vinakwenda kuliwa na nani. Niliondoka kwenda kuona. Kufikia mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili hivi. Nilikuwa nimeshachimba, nimeshavua samaki, nimeshashona viatu, na Goma kwangu ilikuwa mahali pa kukusanya nguvu kabla ya kwenda kuiona Kisangani. Nilikaa Ndosho, katika paseli, yaani kiwanja chenye nyumba, ya mjane mmoja aliyeitwa Mama Masika, kwenye chumba cha mbao kilichojengwa moja kwa moja juu ya mawe meusi ya volkano. Hatukuwa na sakafu nyingine. Mtu akishuka kitandani alikanyaga mlima. Upande mmoja kitanda changu, upande wa pili cha Bahati, katikati masufuria mawili na chukudu zetu mbili zimesimamishwa ukutani, kwa sababu chukudu ikilala nje haiamki kwako.

Kwa asiyeijua: chukudu ni kama baiskeli ya mbao, nzito kama mlango wa kanisa, haina kiti wala pedali. Unapakia magunia matano au sita ya makala, yaani mkaa. Mahali pa kupanda unashuka na kusukuma kwa mikono. Mahali tambarare unaweka goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine. Mahali pa kuteremka unapanda, na ili usife unakanyaga kipande cha tairi kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Pale goti linapokaa, kila mwenye chukudu hupigilia kandambili kuukuu ili asichubuke. Mimi na Bahati tulibeba makala kutoka barabara ya Sake, tukipita Lac Vert, mpaka sokoni Ndosho. Ilikuwa kazi ya kupasua kifua na niliipenda, kwa sababu kila siku ilikuwa na kwenda.

Maumivu yalianza wakati wa mvua. Asubuhi moja nilishusha mguu wa kuume kitandani nikahisi kama nimekanyaga msumari. Niliinama nikatafuta msumari. Hapakuwa na kitu. Nilichechemea mpaka chooni, nikarudi, nikanywa chai, na kufikia kikombe cha pili msumari ulikuwa umeyeyuka, hivyo nikafunga mizigo nikaenda. Kesho yake ulirudi. Ndivyo kisigino kilivyonidanganya kwa wiki nyingi: asubuhi kinauma, mchana kinanyamaza, jioni kinauma tena kidogo zaidi ya jana. Sikumwambia mtu. Mtu wa barabara anayeumwa mguu ni kama mvuvi anayeogopa maji. Watu watamwonea huruma, na huruma ndiyo kamba ya kwanza. Bahati alijua kwa sababu alinisikia nikiguna kila siku nikishuka kitandani. "Unaamka kama muzee wa parokia," alisema. "Kesho nitakuletea fimbo na kofia."

Kuta za mbao hazina siri. Jumapili moja nilikuwa nimelala chumbani na Mama Masika alikuwa nje na jirani yake wakichambua mboga za lengalenga, na nikasikia wakinijadili kama watu wanavyojadili mvua. "Ile kisigino si ya bure," jirani alisema. "Wamemutega." Mama Masika akasema hapana, hakuna aliyemtega, ni dunia yenyewe. "Mutu mwenye hakaaki pahali, siku moja dunia inamufunga muguu. Ni kwa wema wake. Atulie, aoe, ajenge hata kajumba ka mbao. Mungu hafungaki muguu bure." Aliyasema kwa upendo. Ni mwanamke aliyenipakulia sombe na samaki wa sambaza mara nyingi bila kuniuliza kama nimelipa chumba. Lakini nililala pale nikitazama bati na nikahisi hasira ambayo sijawahi kuihisi kwa adui. Kwa hiyo kisigino changu kilikuwa hubiri! Mtaa mzima ulikuwa umeshalisikia na kuitikia amina, na mimi mwenye kisigino nilikuwa wa mwisho kuambiwa.

Hata hivyo nilikubali kupelekwa kwa mzee wa Majengo anayechanja. Nasema ukweli: nilikwenda nusu kwa maumivu na nusu kwa sababu nilitaka kuona anavyofanya. Alinikalisha kwenye kigoda, akanichanja nyembe tatu nyuma ya kisigino, akaweka pembe ya ng'ombe akavuta kwa mdomo, kisha akatema kitu kwenye kiganja chake na kumwonyesha Mama Masika. "Huyu hapa," akasema. Ulikuwa mfupa mdogo mweupe. Mama Masika akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikaomba niutazame. Yule mzee hakupenda, lakini nilikuwa nimeshaunyoosha mkono. Niliugeuza kwenye mwanga wa mlango. Nimevua samaki katika maisha yangu. Ule ulikuwa mwiba wa tilapia, wa karibu na pezi la mgongo, na ulikuwa umepikwa. Nikamrudishia. Asubuhi yake nilishusha mguu chini, msumari ukanisalimia kama kawaida, na siku ya nne zile nyembe tatu zikavimba, nikaenda zahanati kusafishwa kidonda. Muuguzi alipomaliza kufunga, aliniona natembea kwa vidole vya mguu kama mwizi wa kuku, akanielekeza kwenye chumba cha nyuma. "Ingia kwa mama kine," akasema. "Na usimudanganye, anajua."

Kile chumba naweza kukichora mpaka leo. Meza ndefu iliyofunikwa mpira wa buluu. Fito mbili za mwanzi zimesimikwa sambamba kwa watu wanaojifunza kutembea upya. Kioo kilichopasuka pembeni. Kwenye msumari mmoja rozari, kwenye msumari huohuo mkanda wa kupimia. Ngazi tatu za mbao ambazo haziendi popote, unapanda na kushuka. Bibi mmoja alikuwa anatambaza vidole vyake ukutani kwenda juu, taratibu, kama anafuata chungu, na akifika mahali mkono unapogoma alitukana kidogo kwa Kihunde kisha akaomba msamaha kwa rozari. Mama Nsimire alikuwa mfupi, na mikono yake kuanzia kiwiko ilikuwa ya mtu wa kupasua kuni. Lafudhi yake ilikuwa ya Bukavu. Hakuniangalia usoni. Aliangalia nilivyovuka mlango.

"Vua kiatu."

"Ni kisigino, Mama."

"Nimesema uvue. Sijakuuliza ni nini."

Akashika mguu, akavuta vidole nyuma kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili akaingia ndani ya nyama, upande wa ndani wa kisigino, mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwahi kupapasa. Nilipiga kelele. Bibi wa ukutani akageuka kutazama.

"Ni hapa?"

"Hapana, Mama. Iko muzuri kidogo."

"Umelia kama mbuzi ya Noeli, na unaniambia muzuri kidogo." Akauachia mguu. "Sikiliza. Hapa kwetu mutu nyumba inaungua, unamuuliza habari, anasema muzuri tu. Kwa heshima. Bon. Kule nje endelea na heshima yako. Humu ndani utanionyesha na vidole. Sufuri ni hakuna kitu, kumi ni kufa. Ukiamka asubuhi, hatua ya kwanza kabisa, ni ngapi?"

Nikainua vidole vinane. Nilijisikia uchi.

Aliziona zile nyembe. "Nani amekukata?"

"Muzee mumoja wa Majengo."

"Alitoa nini?"

"Mufupa."

"Wa nani?"

"Wa tilapia, Mama. Ilikuwa imeiva."

Alicheka mpaka akaketi kwenye meza karibu yangu, akijifuta macho kwa upindo wa blauzi nyeupe. Nadhani ni pale nilipomwamini. Kisha akachomoa kiunoni mwangu ukanda wa mpira wa gurudumu, zile kanda tunazofungia mizigo, ukuukuu, na akauvuta mbele ya macho yangu. Mahali pote ulikuwa mzima isipokuwa pale unapokamatwa na ndoana. Pale ulikuwa umejaa nyufa ndogo. "Chini ya muguu wako kuna mukanda kama huu. Unatoka kwa kisigino, unaenda mpaka kwa vidole. Umeuvuta sana. Umepasuka kidogokidogo pale unashikamana na mufupa. Ukilala, unajifunga, unakuwa mufupi. Asubuhi unauvuta ghafla na kilo zako zote. Unapasuka tena. Kila siku unashona, kila siku unapasua. Ni hiyo tu."

Nikamwuliza lile lililonikaa rohoni. Nilimwuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu ya yule bibi. "Mama, watu wanasema ni dunia inanifunga nitulie. Juu ya vile sikaaki pahali."

"Dunia ya wapi?" Alikuwa ameshachukua mguu tena. "Dunia inajuaka kisigino? Hii ni nyama. Nyama inafundishwa. Ukitaka kutulia, tulia, lakini usiseme ni muguu ulikutuma."

Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo, na hotuba, na amri za watu wenye silaha. Hakuna neno lililonisimamisha wima kama lile. Watu wote walionipenda mwaka ule walitaka maumivu yangu yawe na maana. Yeye peke yake aliyakatalia maana. Na nataka niliandike wazi hapa, kwa sababu siku hizi vijana hunijia wakidhani nitawaambia niliteseka nikajifunza: sikujifunza kitu kutoka kwa kile kisigino. Nilijifunza kutoka kwa mwanamke aliyekishika.

Dawa yake ilikuwa ya kuchosha kwa udogo wake. Kabla ya kukanyaga chini asubuhi, nizungushe ule ukanda wa mpira kwenye vidole vya mguu, nivivute kwangu, nihesabu trante, yaani thelathini, mara tatu. Kisha nisukume ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino chini, mpaka shavu la mguu linung'unike. Jioni niviringishe chini ya wayo chupa ya maji iliyolala kwenye friza ya muuza samaki. Nisimame kwenye ukingo wa ngazi, visigino vinaning'inia, nipande kwa vidole na kushuka polepole, polepole zaidi ya nilivyotaka. Wiki mbili hakuna chukudu. "Na itachukua muda gani?" niliuliza. "Miezi mitatu kama unasikiaka. Sita kama wewe ni ule ninamuona."

Bahati alifurahi sana. Kila asubuhi aliamka kunitazama nikivuta mguu wangu mwenyewe kwa mpira. "Mutu anafunga mizigo, na muzigo ni yeye!" Mama Masika hakucheka. Alinitazama nikisukuma ukuta wake wa mbao na akasema kwa upole kwamba ukuta haujakosa kitu. Alikuwa bado anangojea nitulie. Nadhani zoezi lenyewe lilimkera kwa sababu lilikuwa linaelekea kwingine.

Wiki ya tano vidole vilikuwa vimeshuka kutoka vinane hadi vitano, na vikagoma hapo. Nilichoka. Siku moja niliamka nikiwa na hasira na chupa, na ukuta, na hesabu za trante, nikachukua mfuko wangu mdogo nikasema nakwenda Kisangani hivyohivyo, mguu utanifuata. Nilifika Lac Vert. Pale kisigino kilikataa kabisa. Nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara, kiatu mkononi, jasho la maumivu shingoni, na nikangoja mpaka Bahati alipotokea na mzigo wake wa siku. Alinipandisha juu ya magunia akanifunga kwa mpira nisidondoke, na ndivyo nilivyorudi Ndosho, nimekaa juu ya makala kama makala. Wanawake wa sokoni walituona kwa mbali. "Bahati! Leo makala yako iko na miguu!" Mwingine akaitikia: "Ingekuwa na miguu ingejileta yenyewe!" Soko zima lilicheka. Na mimi nilicheka, maana ungefanya nini. Lakini kwa mara ya kwanza niliogopa kweli. Niliona maisha yangu yote yakianzia na kuishia pale, kwenye paseli ya Mama Masika, nikiwa mtu anayeangalia malori yakipita na kukisia yanakwenda wapi. Dirisha la darasa la tano, mpaka kufa.

Kesho yake nilirudi kwenye chumba cha nyuma. "Umefika wapi?" Mama Nsimire aliniuliza. Ndosho haifichi kitu.

"Lac Vert."

"Nilizani utafika mbali kuliko pale," akasema. "Vua kiatu." Akaukanda mguu. Kisha akaniambia kwamba yeye alikuwa amekosa. Alikuwa ameuliza mguu, hakuuliza kazi. Alhamisi ningemwonyesha.

Alikuja kweli, na blauzi yake nyeupe, akaketi kwenye jiwe kando ya barabara pale mtelemko unapoanza, akala mandazi mawili na kunitazama nikienda na kurudi na chukudu ya Bahati yenye nusu ya mzigo. Wenye chukudu wengine walisimama, maana kine anayetazama barabara ni sinema. Alipomaliza mandazi ya pili aliniita.

"Unasukumaka na muguu gani?"

"Wa kuume, Mama."

"Breki?"

"Wa kuume. Na kisigino."

"Na wa kushoto?"

"Uko napumuzika, Mama."

Wakacheka wote. Yeye hakucheka. "Toka lini unasukuma na mumoja?" Toka nilipoanza. "Juu ya nini?" Nikainama kuitazama chukudu. Kandambili ya goti ilikuwa imepigiliwa upande wa kushoto. Aliyeniuzia chukudu yangu aliipigilia kushoto, na aliyemuuzia yeye pia. Chukudu zote za barabara ile zilikuwa hivyo: goti la kushoto, mguu wa kuume. Mwenye chukudu mmoja wa makamo, mwenye shingo nene, akamjibu kwa niaba yangu: "Mama, muguu wa kuume ni ule unasukuma. Ni kazi ya baba zetu, haigeuzwaki." Mimi niliyeacha shule kwa ajili ya swali la vitunguu, niliyewahi kufungua saa ya mtu ili nione ndani, nilikuwa nimepiga goti palepale kila siku na sikuwahi kuuliza. Hilo liliniuma kuliko kisigino.

Niliokota jiwe nikang'oa misumari ya chukudu yangu jioni hiyohiyo, nikapigilia kandambili ya pili upande wa kuume. Sasa nilikuwa na magoti mawili ya kuchagua. Siku ya kwanza kusukuma kwa mguu wa kushoto nilikuwa kama mtu anayeandika kwa mkono asioujua. Chukudu ilikwenda kushoto, ikaenda tena kushoto, ikaingia kwenye mfereji na magunia yakafunguka. Walinizunguka. "Anasukuma kama mutu anakimbia mbwa!" "Kambale, umeoa wapi, wakwe zako ndio wanasukumaka na kushoto?" Yule mwenye shingo nene akasema kwa sauti ya kuhurumia kwamba mwanamke wa zahanati ameniharibu. Nilikusanya makala kwa mikono, moja moja, nikafunga upya, nikapiga goti la kuume mbele yao wote, na nikaondoka. Nilianguka tena karibu na soko. Nilinyanyuka tena. Mwezi wa pili nilikuwa nabadilisha miguu kila nguzo ya tano ya umeme, nakanyaga breki kwa nusu ya mbele ya wayo kama alivyonionyesha, na hakuna aliyecheka tena, kwa sababu jioni mimi nilikuwa sijachoka na wao wamechoka. Bahati naye alipigilia kandambili ya pili kwenye chukudu yake. Nilijifanya sikuona.

Siku maumivu yalipoisha sikuijua. Nilishuka kitandani, nikaenda chooni, nikarudi, nikanywa chai, na nikiwa na kikombe mkononi ndipo niliposimama kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Kuna kitu hakikutokea. Nikarudi chumbani, nikapanda kitandani, nikashuka tena ili nihakikishe. "Sasa ni mazoezi gani haya?" Bahati aliuliza kutoka kwenye blanketi.

Nilikwenda kwa Mama Nsimire na ngumi iliyofungwa: sufuri. Hakufurahi upesi. Alisema kisigino kinajua kudanganya, na kwamba mtihani mmoja umebaki. "Kesho enda kwa miguu mpaka Sake, na urudi. Usibebe kitu. Halafu ulale. Asubuhi hatua ya kwanza, kuja unionyeshe vidole. Si jioni. Jioni kila mutu ni muzima. Asubuhi."

Nilikwenda. Nilitembea asubuhi ile nikiimba. Nilipita Lac Vert na nikalitemea mate lile jiwe langu. Nilipofika Sake, kisigino kikiwa kimya kama maji ya mtungi, barabara ziligawanyika mbele yangu, lori moja lilikuwa linahitaji mtu wa kushusha mbao mbele huko, na sijui niseme nini zaidi. Nilipanda. Nilijiambia nitarudi Jumatatu. Kisangani niliiona, na mito mingine mingi, na wanaokula vitunguu vya Butembo niliwaona. Miaka mingi baadaye Bahati aliniambia kwamba Mama Nsimire alikuja barabarani Alhamisi mbili, akaketi kwenye jiwe lake, akawauliza wenye chukudu kama wameniona nikirudi. Ya tatu hakuja.

Kilio kilikuwa Majengo, nyumbani kwake, viti vya plastiki mpaka barabarani, wanakwaya wa parokia wamevaa vitenge vya aina moja. Nilifika alasiri na vumbi la Sake mpaka magotini. Bahati, ambaye sasa ana tumbo na wajukuu, alinishika mkono tukakaa. Watu walisimama mmoja mmoja kumsifu. Kisha mzee mmoja mwenye suti, sauti nzuri ya kanisani, akasema kwamba Mama alitibu hata roho: walikuja kwake wazururaji, watu wasio na kwao, na Mama aliwatuliza, leo wana nyumba na wake. Watu waliitikia. Ilikuwa ni sauti ya Mama Masika, imevaa tai. Nilisimama kabla Bahati hajanivuta shati.

"Muniwie radhi," nikasema. "Mimi ni muzururaji mumoja wa Mama. Hakunituliza. Kila mutu alitaka nitulie, yeye alinipa muguu wa kuondoka." Nikawaeleza, kwa ufupi, mwiba wa tilapia, kandambili, Sake. Nikasema kwamba nusu ya kwanza ya devuare niliifanya nikiwa kijana, na nusu ya pili nimeifanya leo. Mzee wa suti alitazama viatu vyangu. Kisha mwanamke mmoja mfupi, aliyekuwa amekaa karibu na picha ya marehemu, akaanza kucheka, akijifuta macho kwa upindo wa kitenge. Alikuwa Furaha, binti yake, na mikono yake ilikuwa ileile. Naye ni kine. "Papa," akaniambia mbele ya wote, "mutihani haujaisha. Mama hayuko, miye niko. Kesho asubuhi."

Nililala kwao, kwenye mkeka, pamoja na wanaume wengine wa kilio. Kulipopambazuka nilikaa. Sikuvuta vidole, sikutafuta mpira. Niliweka wayo wa kuume juu ya saruji baridi na nikasimama kwa uzito wangu wote. Kisha nikatoka. Furaha alikuwa uani anapepea mbabula, jiko la makala, apike chai.

"Na kisigino?"

"Muzuri tu," nikasema, na papo hapo nikajisikia aibu. Nikainua mkono nikamwonyesha vidole viwili.

Alivitazama kwa makini, kama mtu anayesoma. "Mbili," akasema. "Umri huo, toka Sake, bila kunyoosha. Mama angekubali mbili." Akanionyesha kwa pepeo ngazi ya mlango wa jikoni. "Panda pale. Trante, mara tatu. Na usihesabu mbio."

Nilipanda kwenye ukingo wa ngazi, visigino vikaning'inia hewani, nikashika mlango. Nilihesabu kwa sauti, polepole, mbele ya waliokuwa wanaamka. Nilipofika trante ya mwisho nilishuka, nikanywa chai, nikavaa viatu.